Altezza ya Mjomba Maulidi

Nyuma ya Kwa Mathias,
Kibaha, Pwani.
Alhamisi, 8 Mei 2025.

Mpendwa Kaka Seif,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia huko Nagoya ukiwa mzima, na kwamba ule mgongo uliokutesa wakati wa baridi umekuachia sasa majira yanapogeuka. Shemeji na watoto nawaombea afya vilevile. Yule mkubwa aliyeanza kazi, je, bado anakula wali wa nazi ukimpikia, au amekwisha kuwa mtu wa huko kabisa?

Sisi hapa hatujambo kwa jumla. Presha ya Mama Abdulaziz imetulia tangu alipokubali kupunguza chumvi, ingawa amepunguza na maongezi ya mezani kana kwamba vyote viwili vilitoka kwenye kopo moja. Abdulaziz amemaliza chuo na anatafuta kazi. Mama yangu yupo Mlandizi, anatembea vizuri, na mara zote huuliza habari zako kabla ya kuuliza zangu. Masika yanaendelea, asubuhi jua, alasiri mvua, na barabara za udongo unazijua.

Utakumbuka kwamba mwaka jana nilikuuliza kwa simu juu ya gari la pili, nawe ukacheka mpaka shemeji akaja kuuliza kulikoni. Leo nimeona nikueleze kwa maandishi yaliyotokea tangu hapo. Katika simu mimi husema yale tu niliyokwisha kuyaelewa, na hili sijalielewa.

Nianze na sababu, kwa kuwa sababu yenyewe haikuwa na giza lolote. Noah yetu ni gari la wajibu. Inabeba magunia, wagonjwa, wageni wa harusi, na haijawahi kunipa furaha hata moja. Nilitaka, kabla magoti hayajanikatalia, gari dogo linalosukumwa na matairi ya nyuma, la gia za mkono, la bei ambayo mwalimu wa chuo anaweza kuitaja mbele ya mkewe. Katika magari mengi ya siku hizi matairi ya mbele huvuta na papo hapo hukata kona, kama mwalimu aliyepewa madarasa mawili kwa kipindi kimoja. Likisukumwa kwa nyuma, gari hugawa kazi: mbele huelekeza, nyuma husukuma, na dereva husikia kupitia kiti na usukani kila upande unasema nini. Nimeifundisha fizikia hiyo kwa miaka mingi ubaoni. Nilitaka kuihisi mgongoni.

Nililifanyia jambo hili utafiti kama ninavyofanyia mengine. Mark X niliiondoa mapema. Ni tulivu na ina nguvu, lakini zinazopatikana hapa hujibadilishia gia zenyewe, na kila afisa wa Kibaha anayo. Toyota 86 bado ni ghali. Mazda Roadster ndiyo iliyonivuta kwa wepesi wake, ila inabidi kuiagiza huko kwenu, na ushuru wa uchakavu hukaribia kuwa gari la pili juu ya gari la pili. Tena ina viti viwili tu. Mama Abdulaziz alipoiona picha aliuliza, "Na mimi nikipanda, vitu vya sokoni atavipakata nani?"

Ikabaki Altezza. Injini ya lita mbili, gia sita, uzito uliogawanyika karibu sawa mbele na nyuma, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Hapa Kwa Mathias kuna dalali anaitwa Evance, ana yadi ndogo kando ya barabara kuu. Alinitazama nikiinama chini ya gari na tochi yangu, kisha akasema, "Mwalimu, gari hii ni ya vijana wa kuzungusha matairi. Ukiingia nayo chuoni wanafunzi watakuita broo." Nikamjibu kwamba nimeshaitwa mabaya zaidi. Lakini alikuwa na hoja. Moja ilikuwa imekatwa springi ili ilale chini, nyingine difu yake, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, ilikuwa imechomelewa, na ya tatu injini yake ilisikika kama mtu anayeficha kikohozi. Ndipo nilipoikumbuka Altezza ya Mjomba.

Unajua mwenyewe Mjomba Maulidi, kaka pekee wa mama yako na mama yangu, jinsi alivyolitunza gari lile kuliko alivyojitunza. Alipofariki Julai iliyopita lilisimamishwa uani kwa Bibi, kule Chole ya bara, likafunikwa turubai, na betri ikatolewa.

Wewe hukuweza kuja kwenye arobaini, kwa hiyo nikueleze mambo yalivyokwenda. Kwa desturi ya upande wa mama zetu, jina la marehemu halifukiwi pamoja naye. Linangoja mpwa wa kulichukua. Vitu vyake vilitandazwa mkekani: kofia, bakora, kisu, na ufunguo wa gari. Wapwa ni sisi wawili tu. Mimi nilisema nangoja kauli yako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, na Mzee Jumbe, anayesimamia mambo ya ukoo, akaahirisha hadi hitima ya mwaka. Vitu vikarudishwa katika kikapu cha ukili, kikatundikwa chumbani kwa marehemu. Baadaye uliniambia kwa simu kwamba hulitaki jina, kwamba mtu wa Nagoya hawezi kuwa Maulidi wa Chole. Sikulaumu wakati ule na sikulaumu sasa.

Mwezi Machi nilimpigia simu mkazamjomba wetu, Bi Firdausi, nikamwambia ningependa kulitazama gari, na likinifaa nilinunue kwa bei ya haki ili apate cha kumsaidia katika ujane wake. Akasema, "Njoo." Nilikwenda kwa Noah kupitia Mlandizi na Mzenga, nikiwa na betri mpya, tochi, na kipimo cha upepo wa matairi. Mzee Jumbe alikuwapo barazani, na wazee wengine wawili watatu. Niliona ni bahati tu.

Nilimwomba Bi Firdausi ufunguo. Akasema, "Kauchukue mwenyewe. Unajua ulipo." Nikaingia chumbani, nikautoa kikapuni kwa mkono wangu, nikatoka nao mbele ya wazee. Nikafunga betri, nikakaa kwenye kiti, nikaliwasha. Injini ilishika mara moja. Na pale pale Bi Firdausi akapiga vigelegele, wanawake wa nyumba ya pili wakamwitikia, na mimi, Kaka, katika elimu yangu yote, nikadhani wanafurahia biashara.

Nilipozima na kutaka tuzungumze bei, Mzee Jumbe alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi msikitini. "Bei ya nini? Mtu ananunua gari lake mwenyewe?" Hakuna aliyekuwa amenieleza, kwa sababu hakuna aliyedhani nahitaji kuelezwa. Mpwa ameingia chumbani bila kusindikizwa, ametia mkono kikapuni, ametoka na kitu cha marehemu, amekalia kiti chake. Desturi haiulizi mtu alikuwa na nia gani moyoni. Kilichobaki ni kutangazwa tu siku ya hitima.

Mzee Isihaka, ambaye mvi zake ni nyingi kuliko zangu mara mbili, akanipa shikamoo, maana Maulidi alimzidi umri. Nikasitasita kwa haya. Akanisuta: "Itikia, Maulidi! Kufa kumekufanya uwe na maringo?" Watu wakacheka. Bi Firdausi naye akanizunguka, akanipima kwa macho, akasema, "Mume wangu umerudi umekonda. Huko ulikokwenda walikuwa hawapiki?" Ni utani, na kurithi jina kwetu si kurithi mke, hilo linaeleweka na wote. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimejipanga kueleza kosa langu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na ningelieleza, kama Bibi asingetoka.

Unajua macho ya Bibi Siwema. Mtoto wa jicho ameyafunga yote mawili, na kwa umri wake madaktari hawataki kuyagusa. Alikuwa amelala ndani. Alitoka akipapasa ukuta, kanga imemteleza begani, akasimama mlangoni akiuelekeza uso kule gari lilikokuwa. 

"Maulidi," akasema. "Umechelewa."

 Akasema tena, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwanawe huruma: "Umekula?"

Nikasema, "Bado, mama."

Nimelichunguza neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Naweza kusema nilimstahi mtu mzima. Naweza kusema vilevile kwamba desturi ilikwisha kunipa haki ya kumwita hivyo, na yeye haki ya kuniita mwanawe, bila mmoja wetu kuwa amepotewa na akili. Yote mawili ni maelezo sahihi. Tatizo ni kwamba nililisema kabla sijafika kwenye lolote kati ya hayo.

Niliondoka na gari. Noah iliendeshwa na kijana wa jirani mpaka Kibaha. Tangu hapo nimekuwa nikienda Chole kila Ijumaa baada ya sala, na kila mara Bibi husikia mlio tangu kule kwenye mteremko, huwa amekwisha kukaa barazani na sahani imefunikwa kawa.

Kuhusu gari lenyewe, kwa kuwa utaniuliza: ni bora kuliko nilivyotarajia. Usukani wake hauongopi. Gia huingia kwa mlio mkavu, mfupi. Ukitoka kwenye kona ukakanyaga mafuta, unahisi mgongo wa gari unajikusanya na kukusukuma mbele kama mkono wa mtu begani. Sijawahi kuendesha kitu kinachonifurahisha hivi, na nakiri kwamba furaha hiyo ni sehemu ya tatizo.

Kiti hakirudi nyuma. Mjomba alikuwa mfupi kuliko mimi, na reli za kiti zimeshika kutu mahali alipokiweka yeye, kwa hiyo naendesha magoti yamepanda karibu na usukani kama alivyokaa yeye. Fundi alisema ni kazi ya alasiri moja. Sijampelekea. Harufu ya mafuta ya mkaratusi aliyojipaka kifuani haijatoka, nami nimesafisha vitambaa vyote kwa mkono wangu. Harufu hukaa katika sponji, hilo linajulikana. Mama Abdulaziz ananiambia nimeanza kukohoa kidogo kabla ya kuanza kusema, kitu ambacho mimi sikukisikia hata aliponionyesha.

Mwezi uliopita, karibu na Mzenga, mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu umekuwa utelezi. Kwenye kona moja mkia wa gari ukaniponyoka. Unajua linalotakiwa: kugeuza usukani upande ule ule mkia unakokimbilia, na kutokanyaga breki. Ninalijua kwa nadharia, nimelichora ubaoni. Lakini miguu ya mtu asiyezoea hukanyaga breki bila kumuuliza. Yangu haikukanyaga. Mikono ikageuza, ikangoja, ikarudisha, kwa utulivu, kana kwamba kona ile imepitwa hivyo mara mia. Nilisimama mbele kidogo, nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa haitetemeki. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Kwa kila moja ya haya nina maelezo, Kaka, na maelezo yangu ni mazuri. Ninachokosa ni maelezo ya kwa nini yote yanaelekea upande mmoja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Ijumaa moja ya mwezi uliopita nilikuwa nimekaa na Bibi, ananisimulia habari za shamba lililouzwa zamani, nami naitikia mahali panapostahili.  Kisha akauliza, "Na Mwinjuma yuko wapi siku hizi? Haji kunisalimu. Au tumemkosea?"

Nilikuwa nimeshika mkono wake, Kaka. Mkono wa Mwinjuma huyo, mkono wangu, ndio uliokuwa umeushika wake.

Nikamwambia, "Yupo Kibaha, mama. Kazi zimemzidi. Anakusalimu."

"Mwambie aje," akasema. "Nilimlea yule. Nina hamu naye."

Hapo ndipo hesabu yangu yote ilipoharibika. Nilidhani nimempa mtoto wake. Sikuona kwamba katika kumpa nimemnyang'anya mjukuu, na kwamba yeye, katika giza la macho yake, anamngoja huyo mjukuu kama alivyokuwa akimngoja yule mwingine. Niliporudi Kibaha siku ile sikula. Mama Abdulaziz aliniuliza nina nini, nikamwambia nimechoka. Nilishindwa kumwambia mke wangu kwamba kuna nyumba ninamoingia kila wiki ambamo mimi sijafika kwa muda mrefu.

Juma lililopita nilikwenda kwa Noah. Mlio wake ni mzito, wa kawaida kabisa. Bibi hakuwa barazani. Nilipobisha hodi alikuja polepole, akaninyooshea mikono yote miwili usoni, akanipapasa paji la uso, pua, kidevu. "Mwinjuma! Baba wee, uliniacha!" Akalia kidogo, akanipa muwa aliokwisha kuumenya. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa mahali kikamilifu kama nilivyokuwa pale mkekani.

Baadaye akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka nyumba isikie: "Mjomba wako huja hapa. Amekuwa si yeye. Anakaa, anaitikia, lakini hacheki. Maulidi alikuwa akicheka mpaka kuku wanakimbia." Kisha akasema, "Wewe alikuwa akikusikiliza tangu zamani. Mwambie, kama amechoka, apumzike. Asije kwa ajili yangu. Mimi nimeshamwona."

Nimeyapima maneno haya kama ninavyopima kila kitu. Huenda akili ya mtu mzima imechanganya siku. Huenda anajua kila kitu tangu mara ya kwanza, na hii ndiyo njia yake ya kunifungulia mlango bila kuniaibisha. Na kuna uwezekano wa tatu, ambao sitauandika.

Uamuzi wangu ni huu, nami nakuandikia ili utakapousikia kwa wengine uwe umekwisha kuusikia kwangu. Siku ya hitima nitasimama mbele ya Mzee Jumbe na kuomba jina lipumzike. Ufunguo nitaurudisha kwa Bi Firdausi, auze gari kwa amtakaye, mbali na Chole. Najua maana yake. Wewe hukulichukua na mimi nitakuwa nimeliachia. Baada yetu hapana mpwa mwingine, na hakutakuwa tena na Maulidi katika nyumba ile. Wazee watanilaumu, na lawama yao itakuwa na haki. Lakini Bibi ana mjukuu mmoja tu wa karibu, na mtu hawezi kuwa wawili bila mmoja wao kukaa nje. Kama utanitetea kwa simu hata kwa maneno machache, nitashukuru. Na ukikutana na Roadster ya gia za mkono ambayo haijawahi kugongwa, niulizie bei. Mlio wake ni mwembamba. Hakuna atakayeudhania wa mtu mwingine. Vitu vya sokoni nitavipakata mimi, Mama Abdulaziz aendeshe.

Mama yangu anakusalimu sana. Mama Abdulaziz anamsalimu shemeji na kumkumbusha ile mbegu ya maua aliyomwahidi. Abdulaziz anakupa shikamoo. Bi Firdausi anasema usikae mpaka wakusahau sura. Mzee Isihaka na Mzee Jumbe wanakuombea dua. Bibi alikutaja kwa jina lako kamili, akauliza kama huko wana maji matamu.

Limebaki moja. Kesho nitakwenda Chole na Altezza kwa mara ya mwisho. Mjomba alifia hospitali, mama yake hakuwapo kando yake, na kama kuna mtu wa kumuaga mama huyo sasa, basi amuage sawasawa. Leo baada ya Alasiri nilikaa kuandaa maneno. Wewe unanijua: mimi ni mtu wa kuandika, kufuta, na kuandika upya. Safari hii sikufuta kitu. Yalikuja yote pamoja, kwa matamshi ya Chole ambayo mimi niliyaacha utotoni, na yakaanza kwa jina la kudekeza ambalo mwana humwita mama yake, jina ambalo sikumbuki kulisikia popote. Nilimpigia simu Mama, nikamuuliza kama analijua.

 Akasema, "Hilo Maulidi alimwita mama wakiwa wawili tu, peke yao. Mimi mwenyewe nililisikia mara moja, mlangoni. Nani kakwambia?"

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako, akuzidishie riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana kwa majina yetu.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Mwinjuma